Mayotte ni nchi, koloni au Ufaransa? Tufungue fundo la kisiwa cha Maore

Tangu kimbunga Chido kiivamie Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, jina la kisiwa hiki haliishi kurudi kwenye mazungumzo ya huku kwetu, na kila likirudi linakuja na maswali yale yale. Hivi Ufaransa bado ina kisiwa Afrika? Ilikuwaje Rais Emmanuel Macron ndiye aende kutoa pole, wakati kisiwa chenyewe kiko jirani kabisa na Komoro? Na kijana wa Bujumbura au Bukavu akifanikiwa kufika huko, ndiyo kafika Ulaya? Majibu yanayosambazwa kwa simu yanapingana, na baadhi yake ni ya hatari, kwa sababu kuna watu wanapanda boti kwa kuyaamini.

Jibu la msingi ni hili: kisheria Mayotte ni Ufaransa, si nchi na si koloni. Lakini karibu kila haki inayotokana na kuwa Ufaransa imefika huko ikiwa pungufu, au imechelewa, au imewekewa sharti ambalo haliko Paris. Ukishika hilo, mengine yote yataeleweka, kuanzia mishahara na maji hadi uraia wa watoto na sababu za watu kufa baharini.

Kilipo na wanaoishi humo

Visiwa vya Komoro viko kaskazini mwa mlango wa bahari wa Msumbiji, kati ya bara na Madagaska. Vikubwa ni vinne: Ngazija, Mwali, Anzwani na Maore. Mayotte ndiyo Maore, cha mwisho upande wa kusini-mashariki. Kutoka Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni chini ya kilomita 1,000. Kutoka Paris ni kama 8,000. Anzwani iko umbali wa kilomita 70 hivi tu, na umbali huo mdogo una mengi ya kueleza baadaye.

Ardhi yote ni kilomita za mraba 374, haifiki hata robo ya Unguja. Nayo imegawanyika: kuna kisiwa kikubwa chenye mji mkuu Mamoudzou, hospitali na bandari ya Longoni, na kisiwa kidogo cha Pamandzi chenye Dzaoudzi na uwanja wa ndege. Hakuna daraja. Anayeshuka kwenye ndege anapanda pantoni pamoja na wafanyakazi, wanafunzi na malori, sawasawa na mtu wa Kigamboni. Pantoni ikisimama, kisiwa kimekatika vipande viwili.

Maore ni kongwe kuliko visiwa vingine vitatu. Volkano iliyokiumba imekwisha kulika na kuzama, milima yake si mirefu (Mont Bénara, ulio mrefu kuliko yote, una mita 660), na kimezungukwa na ukuta wa matumbawe uliofungia bahari tulivu yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Yaani maji yaliyo ndani ya ukuta ni mengi karibu mara tatu ya nchi kavu. Kasa hupanda fukwe zake kutaga. Nje ya ukuta huo mambo si tulivu hivyo: mwaka 2018 watu walianza kutikiswa na matetemeko mfululizo, na mwaka 2019 wanasayansi wakagundua volkano mpya chini ya bahari, kilomita kama 50 mashariki ya kisiwa. Imepewa jina la Fani Maoré.

Mwanzoni mwa 2024 idadi ya watu ilikadiriwa kuwa 321,000. Sensa ya 2017 ilionyesha kwamba nusu ya wakazi walikuwa chini ya miaka 18. Ufaransa haina mkoa mwingine wenye watoto wengi kiasi hicho, na shule hazitoshi: kuna za msingi zinazopokea kundi moja asubuhi na jingine mchana, darasa lile lile.

Lugha ya wengi ni Kimaore, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Vijiji kadhaa huzungumza Kibushi, lugha ya jamii ya Kimalagasi. Kifaransa ni cha ofisini na shuleni. Asilimia 95 hivi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kama pwani yetu, na msikiti wa Tsingoni, ambao mihrabu yake ina maandishi ya mwaka 1538, ndio mkongwe kuliko misikiti yote inayotumika katika ardhi ya Ufaransa. Wanawake hujipaka liwa usoni. Chakula cha barabarani ni mishikaki na mabawa ya kuku, na mabawa hayo huagizwa ng'ambo yakiwa yamegandishwa. Jambo moja la kushika: kwa desturi nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea bintiye, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Utaona maana yake tukifika kwenye siasa.

Nchi, eneo la ng'ambo, mkoa wa ng'ambo

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya mambo haya matatu.

Nchi huru ina serikali yake, bendera yake na kiti chake Umoja wa Mataifa. Komoro ni nchi huru, yenye makao makuu Moroni. Mayotte siyo.

Eneo la ng'ambo lenye mamlaka ya ndani, kama Polinesia ya Ufaransa kule Pasifiki au Bermuda ya Waingereza, halina uhuru kamili, lakini lina serikali yake na bunge linalotunga sheria za mambo mengi ya ndani. Mayotte siyo hivyo pia.

Mayotte ni mkoa. Tangu tarehe 31 Machi 2011 ni mkoa wa 101 wa Ufaransa, na kwa ngazi uko sawa na mkoa wowote wa bara, kama ilivyo Réunion, Martinique, Guadeloupe na Guyane. Sheria zinatungwa Paris, na Mayotte ina wabunge wawili na maseneta wawili wa kushiriki kuzitunga. Serikali kuu inawakilishwa na mkuu wa mkoa anayeteuliwa na rais, na polisi, mipaka na vibali vya wageni viko mikononi mwake. Kando yake kuna halmashauri ya mkoa iliyochaguliwa na wananchi, na chini kuna manispaa 17, kila moja na meya wake. Fedha ni euro. Rais wa kisiwa ni rais wa Ufaransa, na hiyo ndiyo sababu alikuwa Macron aliyekanyaga matope ya Mamoudzou siku chache baada ya kimbunga.

Tarehe 1 Januari 2014 Mayotte iliingia pia katika Umoja wa Ulaya, kama moja ya maeneo yake ya mbali. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na nitarudi hapo.

Ilikuwaje wakabaki?

Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa chini ya Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyekimbia vita vya Madagaska. Akiwa amezungukwa na maadui, alikikabidhi kwa nahodha Mfaransa Pierre Passot kwa malipo ya piastre (sarafu za fedha) 1,000 kwa mwaka pamoja na kusomeshewa watoto wake wawili Réunion. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886, miaka 45 baadaye. Kwa hiyo ule uhusiano ambao Wamaore wanauita wa zamani kuliko wa ndugu zao si porojo. Umo kwenye kumbukumbu.

Ila hilo peke yake halitoshi kueleza kilichotokea. Baada ya Vita Kuu ya Pili visiwa vyote vinne vilikuwa eneo moja, na makao makuu yalikuwa Dzaoudzi, huko huko Maore. Mwaka 1958 baraza la visiwa likaamua kuyahamishia Moroni. Zikahama ofisi, zikahama ajira, na wanaume waliokuwa makarani wakafuata kazi. Waliobaki na nyumba, watoto na soko lililonyauka ni wanawake. Nyumba zilikuwa zao, kama nilivyosema, na hawakuwa na mahali pa kuzihamishia.

Basi wakaanzisha vita ya aina yake. Kuanzia mwaka 1966, kiongozi kutoka Moroni akija Maore, kundi la wanawake lilimzunguka, likamvamia na kumtekenya. Walimtekenya mbavuni na kwapani hadharani, mpaka mheshimiwa akapoteza heshima yake yote na kurudi alikotoka. Askari watamkamata nani, na kwa kosa gani? Zéna M'Déré ndiye anayekumbukwa zaidi kati ya viongozi wao, na wengine kama Zaïna Méresse walikuwa pamoja naye. Tusidhani ulikuwa mchezo. Kisiwa kiligawanyika kati ya "soroda", waliotaka kubaki na Ufaransa, na wale walioitwa "serrez-la-main", waliotaka kushikana mkono na Komoro, na mwaka 1969 mwanamke mmoja wa upande wa soroda, Zakia Madi, aliuawa katika maandamano bandarini. Walioshindwa nao waliteseka: wapo waliofukuzwa kisiwani kwa kuunga mkono uhuru, na habari zao hazisimuliwi sana.

Ikaja kura ya maoni ya tarehe 22 Desemba 1974. Ukijumlisha visiwa vyote, takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Ukihesabu Maore peke yake, karibu asilimia 64 walisema hapana.

Fikiria shamba la urithi la watoto wanne. Watatu wanataka kumwondoa mpangaji, mmoja anataka abaki. Kura zikihesabiwa za ukoo mzima, mpangaji anaondoka. Zikihesabiwa kwa kila nyumba, anabaki kwenye kona moja. Ugomvi wote wa Mayotte, hadi leo, ni juu ya nani alikuwa na haki ya kuchagua namna ya kuhesabu.

Bunge la Ufaransa likaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, aliyeongoza visiwa wakati huo, hakusubiri. Tarehe 6 Julai 1975 akatangaza uhuru. Novemba mwaka huo Komoro ikapokewa Umoja wa Mataifa ikiwa nchi ya visiwa vinne. Februari 1976 Ufaransa ikatumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama kuzuia azimio dhidi yake, na siku mbili baadaye ikapigisha kura nyingine Mayotte: zaidi ya asilimia 99 walitaka kubaki. Oktoba 1976 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalaani kura hizo na kusema Mayotte ni ya Komoro. Umoja wa Afrika unasema hivyo hivyo leo, na bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, mmoja wake mweupe, wa Maore.

Nani ana haki? Komoro inasimama kwenye kanuni kwamba koloni linapopata uhuru mipaka yake haikatwi vipande, kanuni ambayo Afrika nzima iliikubali Cairo mwaka 1964 kuepusha vita visivyokwisha. Ufaransa inasimama kwenye matakwa ya wakazi na kwenye katiba yake, isiyoruhusu kuachia ardhi bila ridhaa ya wanaoishi humo. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, na anayekwambia ni jambo jepesi ameiondoa mojawapo mezani. Kuwaita Wamaore mateka wa mkoloni ni kuwafuta wale wanawake na kura zao. Na kusema kura zilimaliza kila kitu ni kusahau kwamba mpaka ulichorwa katikati ya familia: mama Anzwani, binti Mamoudzou, babu mmoja kaburini Mwali.

Hata Anzwani yenyewe, mwaka 1997, ilijitenga na Moroni ikaomba irudi chini ya Ufaransa. Ufaransa ilikataa.

"Ukifika Mayotte umefika Ulaya"

Huu ndio uvumi ninaotaka sana uishe.

Mayotte imo ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini haimo kwenye eneo la Schengen, lile ambalo mtu akishaingia anazunguka nchi nyingi bila kuoneshwa pasipoti. Zaidi ya hapo, kibali cha kuishi kinachotolewa Mayotte kwa kawaida kina nguvu Mayotte tu. Mtu anaweza kuwa na kibali halali cha Ufaransa mkononi, na bado akahitaji ruhusa maalumu kupanda ndege kwenda Réunion au Paris. Mkoa mwingine wowote wa Ufaransa hauna sharti la namna hiyo kwa vibali vya kawaida.

Anayeomba hifadhi naye yuko kwenye utaratibu tofauti. Hapati posho ya kila mwezi anayopata mwenzake aliyeko bara. Hupewa vocha za chakula. Tangu miaka ya karibuni wamefika watu wengi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, wasemaji wa Kiswahili wakiwa wengi kati yao, wengine kupitia Komoro na wengine kwa boti kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Wengi waliishia kwenye mahema kando ya uwanja wa michezo wa Cavani, Mamoudzou, hadi kambi ilipovunjwa mwanzoni mwa 2024 baada ya wakazi kufunga barabara kwa wiki kadhaa. Ni kweli kwamba kundi la waliokwisha kukubaliwa kuwa wakimbizi lilipelekwa Ufaransa bara wakati huo. Habari hiyo ndiyo iliyosambaa. Ya waliobaki haikusambaa.

Halafu kuna bahari. Hadi Januari 1995 mtu wa Anzwani alikuwa akivuka kwenda Maore bila viza, kwenda harusini, sokoni au hospitali. Serikali ya Édouard Balladur, waziri mkuu wa Ufaransa wakati huo, ikaweka viza, na Wakomoro wengi hawana njia ya kuipata. Safari hazikukoma, zilihamia usiku, kwenye boti ndogo za faiba zinazoitwa kwasakwasa, zikiwa zimejaa kupita kiasi na kukwepa rada kwa kupita karibu na miamba. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ilikadiria kwamba kati ya 1995 na 2012 walikufa watu 7,000 hadi 10,000 kwenye njia hiyo ya kilomita 70. Wajawazito wamo, na watoto wachanga.

Wanaofika wanaweza kurudishwa haraka. Kwa mwaka Mayotte hurudisha zaidi ya watu 20,000, wengi wao Anzwani, na wapo wanaorejea baada ya wiki chache kwa sababu watoto wao walibaki. Mwaka 2023 serikali ilipoanzisha operesheni iliyoitwa Wuambushu, ya kubomoa vitongoji vya mabati na kuongeza kasi ya kuwarudisha watu, Komoro ilizuia meli iliyowabeba isishushe abiria. Kwa Moroni, mtu hawezi kufukuzwa kutoka Maore kwenda Anzwani, kwa kuwa zote ni nchi moja.

Uvumi wa pili unaoambatana na huo ni wa uraia: kwamba mtoto akizaliwa Mayotte tayari ni Mfaransa. Hata Ufaransa bara mambo hayako hivyo. Mtoto wa wazazi wageni hupata uraia baadaye, akiwa ameishi nchini miaka kadhaa, kwa kawaida anapofikisha 18 au mapema kidogo kwa kuomba. Kwa Mayotte masharti yamekazwa zaidi. Sheria ya 2018 ilitaka mzazi mmoja awe alikuwa na kibali kwa angalau miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Sheria ya Mei 2025 inataka wazazi wote wawili, na kwa angalau mwaka mmoja. Sheria hii inahusu Mayotte tu. Mtoto aliyezaliwa Mamoudzou na aliyezaliwa Marseille, wote wa wazazi wageni, hawana tena njia moja ya kuufikia uraia.

Ifahamike pia kwamba katika sensa ya 2017 karibu nusu ya wakazi, asilimia 48, hawakuwa na uraia wa Ufaransa, na karibu theluthi yao walizaliwa hapo hapo. Hali hiyo imezaa hasira kwa wenyeji, wanaosema hospitali na maji yao yamezidiwa. Mwaka 2022, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais, asilimia 59 ya kura za kisiwa hiki cha Waislamu zilikwenda kwa Marine Le Pen, mwanasiasa wa mrengo mkali wa kulia anayepinga uhamiaji. Wengi huku walishangaa. Anayejua habari za kwasakwasa na mabomba makavu hashangai sana.

Tajiri kwa jirani, maskini kwa mwenyewe

Zamani uchumi ulikuwa miwa, kisha vanila na langilangi, ile ya manukato. Leo mauzo ya nje ni kidogo mno. Kinachozungusha fedha ni serikali: mishahara ya walimu, wauguzi, polisi na watumishi wa manispaa. Vitu vingi vinakuja kwa kontena kupitia Longoni, na chakula kina bei kubwa kuliko Paris.

Mwaka 2018 asilimia 77 ya wakazi walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa kama asilimia 14. Kwenye sensa ya 2017, nyumba karibu nne katika kila kumi zilikuwa za mabati, na karibu theluthi ya nyumba hazikuwa na bomba ndani. Mwaka 2023, mvua zilipokosekana na mabwawa mawili ya Combani na Dzoumogné yakakauka, kuna maeneo yalipata maji siku moja kati ya tatu, na serikali ikagawa maji ya chupa.

Sasa weka hayo kando ya Komoro. Pato la mtu wa Mayotte ni mara kadhaa la mtu wa Komoro. Kwa mama wa Anzwani mwenye mimba ngumu, hospitali ya Mamoudzou, pamoja na msongamano wake wote, bado ndiyo tumaini. Uongo na ukweli vinakutana hapo: kisiwa ni maskini kuliko mkoa wowote wa Ufaransa na ni tajiri kuliko majirani zake wote wa karibu, kwa wakati mmoja.

Na usawa? Kima cha chini cha mshahara, muda mrefu baada ya 2011, kilikuwa kama robo tatu ya kile cha bara. Ruzuku ya msingi kwa wasio na kipato ilikuwa nusu. Matibabu yanayogharamiwa na serikali kwa wageni wasio na vibali, yaliyopo mikoa mingine, Mayotte hayapo. Wamaore kwa upande wao walitekeleza sehemu yao ya mapatano mapema: makadhi walivuliwa mamlaka ya kimahakama mwaka 2010, ndoa za mitala zikapigwa marufuku, watu wakasajiliwa upya kwa majina ya ukoo. Asilimia 95 ya waliopiga kura mwaka 2009 walikubali kuwa mkoa wakijua hayo yanakuja. Kulipwa sawa na wenzao hakukuja pamoja nayo.

Chido ilipofika

Upepo wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa uliikuta hali hiyo. Kisiwa kilikuwa hakijapigwa na kimbunga kikali namna hiyo kwa miaka 90. Vitongoji vya mabati kama Kaweni vilisombwa, hospitali ikaharibika, mnara wa kuongozea ndege nao. Chido iliendelea hadi Cabo Delgado nchini Msumbiji na kisha Malawi.

Siku za mwanzo mkuu wa mkoa alisema huenda wamekufa mamia, pengine maelfu. Hesabu rasmi ilikuja kuwa watu wapatao 40, na idadi kama hiyo hawakuonekana. Wengi walidhani serikali inaficha. Hesabu yenyewe ilikuwa ngumu: Waislamu huzika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo; watu wasio na vibali hawako kwenye daftari lolote; na baadhi yao waliogopa kwenda kwenye majengo ya kujihifadhi wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Hakuna haja ya kubuni njama ili kueleza pengo hilo, ila serikali iliyowatisha watu kwa miaka haiwezi kujitoa kabisa kwenye lawama.

Kilichonigusa zaidi kilikuja Januari 2025. Watu wakiwa wanalala chini ya maturubai, mkuu wa mkoa alitoa amri kwamba anayetaka kununua mabati aoneshe kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Lengo lilikuwa kuzuia vitongoji visijengwe upya. Matokeo yake, mtu ambaye upepo ulimchukulia nyumba na karatasi zake alitakiwa kuonesha karatasi za nyumba ili apate bati. Vitongoji vilijengwa upya hata hivyo, kwa mabati yaliyookotwa yakiwa yamejikunja.

Nini kinafuata

Agosti 2025 Ufaransa ilipitisha sheria ya kuijenga upya Mayotte, yenye ahadi ya karibu euro bilioni 4 hadi mwaka 2031 kwa ajili ya maji, shule, hospitali na nyumba. Sheria hiyo hiyo inarahisisha kubomoa vitongoji na inakaza masharti ya vibali. Ule utaratibu wa kibali kisichotoka kisiwani umepangiwa kufutwa mwaka 2030. Mpaka hapo, anayekwambia kuwa Mayotte ni mlango wa Paris anakudanganya. Komoro haijabadilisha msimamo wake hata kidogo, na hakuna mazungumzo yanayoonekana kuelekea kwenye suluhisho ambalo Moroni, Paris na Wamaore wenyewe wangelikubali.

Mishahara ya chini na ruzuku inatakiwa ifikie kiwango cha bara mwaka 2031. Mtu aliyepiga kura ya ndiyo mwaka 2009 akiwa na miaka 18, kwa kuwa aliambiwa mkoa maana yake ni usawa, siku hiyo atakuwa na miaka 40.